Bi. Hayupo Apandishwa Winguni Bila Utepe

Nchi ninayoisimulia hapa hutaiona kwenye ramani, kwa sababu ramani yake bado inasubiri saini ya sita. Inaitwa Jamhuri ya Tulizana. Ni nchi njema, yenye wizara nyingi kuliko mito, na mimi, Damasi Kilunguja, nimeitumikia miaka ishirini na miwili katika Wizara ya Watu na Orodha Zao. Cheo changu ni Karani Mwandamizi wa Sherehe. Huwa naandika nani alikata utepe, alikata saa ngapi, na mkasi ulikuwa wa aina gani. Nasema haya ili msomaji ajue kwamba sisimulii ya kusikia.

Wizara yetu ina mfumo wa kompyuta unaoitwa Orodha Kuu. Humo wamo wananchi wote. Mtu akizaliwa anaingizwa, akifa anawekewa alama. Asiyekuwemo anaweza kuwa na mikono, miguu na hata hamu ya kula, lakini kiserikali ni fununu tu.

Mfumo huo hurekebishwa mara kwa mara, na kila ukirekebishwa inabidi toleo jipya lipandishwe kwenye seva ndipo liwafikie wananchi. Nimesikia kwamba katika nchi nyingine kazi hiyo hufanywa na mtu mmoja aliyekaa kitini. Sisi tunaiheshimu kazi. Toleo jipya hutiwa kwenye flashi, flashi hulazwa juu ya mto wa mahameli mwekundu, na mto hupakiwa kwenye gari lenye bendera, ukasafirishwa kutoka Jengo A hadi Jengo B, ambalo liko ng'ambo ya barabara. Kabla ya safari zinatakiwa saini saba. Mbele ya Jengo B bendi ya wizara hupiga, Waziri hukata utepe, hutoa hotuba, kisha hubonyeza kitufe. Kwa wastani shughuli nzima huchukua siku mia moja na nne. Mwaka jana tulipandisha matoleo matatu. Moja kati ya hayo lilikuwa flashi tupu, lakini sherehe yake ilifana sana.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri hivyo mpaka alipokuja Bi. Hayupo.

* * *

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mwenye dirisha namba nne alikuwa semina, nikamshikia nafasi. Akaja mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mkoba begani, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaamrisha wenzake wasukume.

"Jina lako, mama?"

"Hayupo."

"Mama, sijamuulizia mtu. Nauliza jina lako wewe."

"Ndilo hilo. Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Mimi."

Nilimtazama. Alikuwepo kabisa, tena alikuwa ameegemea dirisha kiasi kwamba mbao zilikuwa zinalia.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mama yangu alizika watoto wanne kabla yangu. Nilipozaliwa mimi, bibi akaniita Hayupo, ili kifo kikipita kuulizia mtoto, kijibiwe hivyo kiende zake. Kimeenda zake miaka hamsini na mbili. Sasa nyie mmekiitia nini?"

Nikachapa: Hayupo Chikoti, mkunga, zahanati ya Nyangamba. Skrini ikajibu kwa herufi nyekundu: MAREHEMU. Nilisimama, nikampa pole.

Akatoa barua mbili mkobani. Ya kwanza ilitoka wilayani, ikimtaka ahame nyumba ya zahanati kufikia Ijumaa, kwa kuwa nyumba za watumishi haziruhusiwi kukaliwa na marehemu. Ya pili ilitoka kwetu. Ilisema kwamba watoto sitini na mmoja wa Nyangamba wamekataliwa kuandikishwa, kwa sababu mkunga aliyetia saini alifariki kabla ya wao kuzaliwa.

"Mimi kuitwa maiti nimezoea, hata mume wangu ananitania," akasema, na sauti ikashuka. "Lakini wale watoto hawapewi kadi ya chanjo. Mapacha wa Salome wana miezi minne. Surua imeshaingia kijiji cha pili. Nimewaona watoto wakifa kwa surua, mwanangu. Sitaki kuwaona tena."

Nilimpa fomu niliyokuwa nayo, Fomu ya Rufaa ya Marehemu, ambayo huambatanishwa na nakala ya kibali cha mazishi. Aliisoma yote. Kisha akaikunja, akaanza kujipepea nayo.

Nyuma yangu kulikuwa na meza ya Tunu Mwakilasa, msichana aliyeajiriwa miaka miwili nyuma kuandika programu. Tunu alikuwa amesikia kila neno. Akavuta kompyuta yake, akachapa kidogo, akapiga mluzi.

"Mama, nimeona. Watu wa sensa wakikosa mtu nyumbani huandika 'hayupo'. Kwenye toleo la mwisho kuna mtu aliuambia mfumo kwamba ukiona neno 'hayupo' popote, basi aliyetajwa amefariki. Ukaliona kwenye jina lako."

"Unaweza kuliondoa?"

"Nimeshaliondoa. Ni mstari mmoja. Chai yangu bado ina moto."

Nikampongeza, nikamweleza Bi. Hayupo kwamba atafufuka baada ya siku mia moja na nne, pengine na zaidi kidogo, maana mpiga tarumbeta wa bendi alikuwa ameng'olewa meno ya mbele.

"Ijumaa wananitolea vitanda nje," akasema Bi. Hayupo.

Tunu akaniangalia. "Kaka Damasi, si tulizindua wingu mwaka juzi?"

Kweli tulizindua. Wingu ni jina tu. Ni kompyuta kubwa zilizo mbali, ambazo serikali ilikodi nafasi ndani yake ili mifumo yetu ikae humo. Waziri alikata utepe wa mita nne, na wageni wakagawiwa miavuli mia tatu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweka kitu humo, kwa kuogopa kulichafua.

* * *

Tunu alikaa kwenye kiti siku mbili. Bi. Hayupo naye alikaa kwenye benchi la ukumbini, akitoka tu kwenda kula na kulala kwa shemeji yake. Jumatano mchana nilisogea kuuliza kinachoendelea.

"Naiandikia kompyuta maagizo," akasema Tunu. "Nikihifadhi rekebisho, yenyewe inalichukua, inalifanyia majaribio mia mbili. Likifeli inanirudishia. Likifaulu inalipandisha winguni, wananchi wanalipata. Hakuna mtu anayegusa."

"Na utepe?"

"Hakuna utepe."

"Hotuba?"

"Mwishoni inaandika 'imekamilika'."

Nilimwambia kwamba kama hotuba, hiyo ni fupi mno.

Alhamisi saa nne kasoro akajaribu. Mashine ikafanya majaribio yake, ikafika la mia na tisa, ikakataa. Tunu alikuwa amesahau mabano mahali fulani. Ikamrudishia kazi yake na kumwonyesha mstari wenye kosa. Nilishtuka. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona kitu cha serikali kikimrudishia kazi mkubwa wake, kisha mkubwa akasema ahsante.

Akarekebisha, akahifadhi tena. Tukasimama watatu mbele ya skrini, Bi. Hayupo akiwa amemshika Tunu bega. Namba zikapita. Mia. Mia na hamsini. Mia mbili. Kisha maandishi ya kijani: imekamilika. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nne. Nilihesabu dakika nne kamili.

"Tafuta sasa, kaka," akasema Tunu.

Nikachapa jina. Skrini ikaandika: HAI.

Bi. Hayupo aliigusa ile skrini kwa kidole kimoja, polepole, kama anayepima joto la maji ya mtoto. Akakaa. Akalia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ile Fomu ya Rufaa.

"Haya," akasema. "Tuwaandike wale watoto."

Kufikia saa sita wote sitini na mmoja walikuwa wananchi. Mapacha wa Salome walitangulia.

* * *

Ijumaa asubuhi Mkurugenzi wetu, Bwana Hezroni Kipalamoto, aliitisha kikao cha dharura cha wakurugenzi saba, wale wenye saini. Bwana Kipalamoto ni mtu makini sana. Hata mwavuli wake una jalada. Tunu aliitwa ajieleze, mimi nikaitwa niandike.

"Nani alikata utepe?" akaanza Mkurugenzi.

"Hakukuwa na utepe, Mkurugenzi," akajibu Tunu.

"Nani alibonyeza kitufe?"

"Hakuna aliyebonyeza."

"Kwa hiyo toleo la Jamhuri limewafikia wananchi likitembea peke yake, kama mlevi?"

"Limefanyiwa majaribio mia mbili, Mkurugenzi. Zamani tulikuwa hatufanyi hata moja."

"Hatukuwa na haja ya majaribio, binti. Tulikuwa na imani!"

Kikao kilipiga meza. Baada ya hapo kikaendelea kwa siku tatu za kazi, nami nafupisha. Kwanza, iliandikwa barua kwa Idara ya Hali ya Hewa, kuuliza kama wingu hilo linaweza kuvuka mpaka na wananchi wetu likiwa nao ndani. Idara ikajibu kwamba hali ya mawingu ni ya kuridhisha, ila wananchi wasikae karibu na dirisha. Pili, kwa kuwa kazi ya serikali hufanywa na mtumishi wa serikali, mashine ilifunguliwa jalada la utumishi. Ikapewa jina la Ndugu Otomatiki, ikatakiwa kuwasilisha vyeti vya shule. Haikuwasilisha. Ikaandikiwa barua ya kujieleza, haikujibu. Ikaandikiwa onyo la kwanza na la pili. Kwenye onyo la tatu ukimya wake ulitajwa kuwa dharau ya hali ya juu kwa mtumishi aliye katika kipindi cha majaribio.

Hatimaye Mkurugenzi akasoma uamuzi. "Marehemu Bi. Hayupo Chikoti arudishwe katika umarehemu wake, kwa heshima zote anazostahili, mpaka atakapofufuliwa kwa kufuata utaratibu."

Tunu akanyanyuka. Hakuwa akipayuka, alikuwa mtulivu kabisa. Akaigeuza kompyuta iwatazame.

"Kumrudisha ni rahisi, waheshimiwa. Kitufe ni hiki. Kinarejesha toleo la zamani kwa dakika moja. Mimi sitakibonyeza. Yule mama yuko Nyangamba sasa hivi, anapokea watoto. Anayeweza kumuua, abonyeze."

Wakurugenzi saba walitazama kitufe, kisha kila mmoja akakitazama kidole chake. Sitaki kuwasingizia aibu. Walichokuwa wanawaza ni saini ya nani itakuwa juu.

"Nauliza tu," akasema Mkurugenzi wa Sheria, akikohoa. "Toleo la zamani likipandishwa upya, si linakuwa toleo jipya?"

"Hakika!" akasema Bwana Kipalamoto, na uso ukamng'aa. "Na toleo jipya linataka nini?"

"Saini saba!" wakaitikia kwa pamoja. "Mto wa mahameli! Bendi!"

Ikaamuliwa kwamba Bi. Hayupo atafishwa kwa sherehe, siku ya mia moja na nne. Mpaka siku hiyo aendelee kuwa hai kwa muda. Tunu alikatazwa kugusa kompyuta, akapangiwa kazi ya kukaa. Nilimwona ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nilidhani analia, nikamsogezea maji, akanywa akapaliwa kwa kicheko.

* * *

Siku ya sherehe ilifika ikiwa na jua zuri. Hema lilijaa. Mpiga tarumbeta alikuwa na meno mapya. Kadi za mwaliko niliziandika mimi mwenyewe, na moja ilikwenda Nyangamba: "Marehemu Bi. Hayupo Chikoti, unaalikwa kwa heshima kubwa kushuhudia kurejeshwa kwako. Ukishindwa kuhudhuria, tutaelewa." Alihudhuria. Alikaa safu ya tatu, kitenge kipya, mkoba wake wa kazi mapajani.

Tunu alisimamishwa kando ya meza kuu ili afute vumbi kwenye kitufe.

Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Sospeteri Magwilanga, alipanda jukwaani akiwa amebeba hotuba ya kurasa arobaini, lakini kama kawaida yake aliiweka chini akasema ya moyoni.

"Ndugu wananchi, na nyie ambao uwananchi wenu bado unashughulikiwa! Wapo wanaosema wizara hii ni nzito. Nawauliza, mlima ni mwepesi? Umewahi kuona mlima unakimbia? Ukikimbia, wewe mwenyewe utabaki hapo?" Makofi. "Mimi ni mfano hai wa huduma zetu. Mkwe wangu alikwenda kumsalimia mama yake huko Nyangamba, uchungu ukamkuta hukohuko. Leo mjukuu wangu ana siku ishirini na tatu tu duniani, na cheti anacho! Chenye jina langu kamili, pamoja na uprofesa!"

Hema likalipuka kwa shangwe. Shangwe ilipotulia, sauti ikatoka safu ya tatu.

"Nilimpokea mimi, baba. Kilo tatu na robo. Alikuwa ametanguliza makalio, nikamgeuza."

Mpiga ngoma aligonga ngoma bila kukusudia. Waziri akatabasamu tabasamu la babu, akainama kwa Bwana Kipalamoto.

"Mama huyu mwema ni nani?"

"Ndiye marehemu, Mheshimiwa," akanong'ona Mkurugenzi, kwenye kipaza sauti.

Utepe ulikuwa unangoja. Waziri alikuwa ameshanyoosha kidole juu ya kitufe, picha zikipigwa. Tunu akasogea na kitambaa chake cha vumbi.

"Samahani, Mheshimiwa. Ukibonyeza hapo, mama huyu anakuwa amefariki tangu mwaka jana. Na watoto wote aliowapokea tangu hapo, vyeti vyao vinafutika siku hiyohiyo. Mfumo utasema mkunga alikuwa maiti."

Kidole kikabaki hewani. "Watoto wangapi?"

"Mia moja na arobaini na saba."

Waziri akafikiri kwa niaba ya taifa. "Wengine wana moyo wa uvumilivu. Huyo wangu hawezi kubakizwa?"

"Mfumo haubagui, Mheshimiwa. Ni wote au hakuna."

Baadaye Tunu aliniambia kwamba angeweza kumbakiza mmoja kwa mstari mmoja tu, ila hakuona sababu ya kumchosha Waziri kwa mambo ya kitaalamu.

Nilipima muda, ni kazi yangu. Kidole cha Waziri kilikaa hewani sekunde hamsini na moja. Bi. Hayupo alikuwa amesimama, amekumbatia mkoba wake, anamtazama. Nami, nakiri, kalamu ilikuwa imenikauka mkononi. Nilikuwa nikimfikiria mtoto wa siku ishirini na tatu, na mapacha, na wengine wote, na jinsi ambavyo hakuna hata mmoja aliyejua kwamba muda huo alikuwa chini ya kidole.

Kidole kikaanza kupanda. Kikapanda mpaka juu ya kichwa cha Waziri, kikaelekea mbinguni.

"Na ndiyo sababu," akanguruma, "leo nimekuja kuzindua Otomatiki! Mfumo niliouota mimi! Kuanzia sasa, rekebisho la mwananchi lisingoje kidole cha mtu yeyote! Hata hiki!"

Wa kwanza kusimama na kushangilia alikuwa Bwana Kipalamoto. Alishangilia mpaka saa ikamtoka mkononi. Utepe ukakatwa kwa mkasi wa fedha, saa tano na dakika ishirini. Kitufe hakikubonyezwa.

* * *

Matokeo yalikuwa kama ifuatavyo. Bwana Kipalamoto alitunukiwa nishani ya ugunduzi. Ndugu Otomatiki alifutiwa maonyo yote matatu, akapandishwa daraja kwa nidhamu na uchapakazi. Tunu aliruhusiwa kugusa kompyuta tena na kupewa cheo kipya, Msaidizi wa Ndugu Otomatiki. Barua ya cheo hicho anaitumia kuwekea kikombe.

Bi. Hayupo hakungoja chakula cha wageni. Kuna mama Nyangamba alikuwa karibu kujifungua. Kabla ya kuondoka alimshika Tunu mashavu kwa mikono miwili.

"Umekonda, mwanangu. Ule," akamwambia, akaondoka akikimbilia basi.

Siku hizi matoleo yanapanda hata mara sita kwa siku. Wizara, kwa kutotaka kupoteza mila, imeagiza kila moja lisherehekewe, na kwa kuwa bendi imechoka, nimehamishiwa meza ya pembeni mwa Tunu. Akisema "imepanda", napiga kofi moja na kujaza fomu mpya, yenye sehemu ya saa, ya idadi ya makofi, na ya kwa agizo la nani.

Juzi mchana Tunu alikaa muda mrefu na rekebisho moja. Huko milimani kuna watu elfu nne ambao majina yao yana ng', na mfumo ulikuwa unakikataa kile kialama cha juu, ukiwarudisha mlangoni mwaka hadi mwaka. Mashine ikamkatalia mara tatu. Mara ya nne ikapita.

"Imepanda," akasema, akajinyoosha mgongo.

Nikapiga kofi. Kisha nikapiga jingine. Nikajikuta nimesimama, napiga makofi mfululizo, mpaka watu wa foleni wakachungulia dirishani, na Tunu akaziba uso kwa aibu huku akicheka. Niliendelea mpaka viganja vikawaka.

Nilipokaa, niliivuta fomu. Saa nikaijaza. Kwenye idadi ya makofi nikaandika "sikuhesabu". Nilipofika kwenye agizo la nani, niliitazama ile nafasi kwa muda, nikaiacha wazi, nikatia saini.